Nukta ya Buluu Juu ya Paa la Nani?

Simu iliyoibwa Bombolulu, Mombasa, ikiwashwa Mtopanga, mwenyewe huazima simu ya rafiki, akafungua ramani na kuona nukta juu ya paa fulani. Vijana wakishaanza kuelekea huko, maisha ya mtu yamo hatarini. Wajue kwanza nukta hiyo hupatikanaje.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja ikitangaza saa na mahali ilipo. Simu husikiliza tu: hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, ikakokotoa umbali. Mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hupotoka kwa mita 300. Ndiyo sababu simu huhitaji setilaiti nne: tatu hazitoshi, kwa kuwa saa yake yenyewe ni dhaifu na lazima isahihishwe.

Uwanjani peupe, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Vichochoroni Kisauni, mawimbi hudunda kwenye mabati na kuta za maghorofa, yakafika yamechelewa. Tena Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, ambako tabaka la anga liitwalo ionosfia huchafuka sana baada ya magharibi na kuyatikisa mawimbi hayo.

Ndani ya nyumba GPS hufifia, simu ikategemea Wi-Fi za jirani, na zikikosekana, minara ya mtandao. Hapo kosa laweza kuwa mamia ya mita au kilomita nzima. Simu iliyoko Mishomoroni ikishika mnara wa ng'ambo ya maji ya Tudor, ramani yaweza kuiweka kisiwani Mombasa.

Basi tazama duara hafifu linaloizunguka nukta. Kwa vipimo vya Android, uwezekano wa simu kuwa ndani ya duara ni asilimia 68. Karibu mara moja katika kila tatu, iko nje. Duara la nusu kipenyo cha mita 20 hufunika zaidi ya mita 1,250 za mraba: huko Mtopanga, hizo ni nyumba kadhaa zenye vyumba vya wapangaji. Usigonge mlango wowote. Chukua nambari ya utambulisho wa simu (IMEI) iliyoandikwa kwenye kasha lake, uipeleke kituo cha polisi.