Maharage Yameiva, Lakini Meno Je?

Mama anapoona maharage yamekaa jikoni saa tatu na bado ni magumu kama changarawe, mkono wake huelekea kwenye kopo la magadi. Hutia kipande kidogo tu, povu likapanda, na haupiti muda mrefu maharage yakalainika. Mkaa umeokolewa. Hiyo ni akili ya siku nyingi, na haifai kuibeza kabla ya kuifahamu.

Ndani ya magadi mna sodiamu. Ikiwa peke yake, sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, nayo huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa kuwa ikigusana na maji huchachamaa, hutoa joto na huweza hata kuwaka moto. Ndiyo maana haiokotwi popote ikiwa peke yake. Mwingereza Humphry Davy aliitenga kwa nguvu za umeme mwaka 1807, na mwaka uliofuata akaitenga kalisiamu, metali iliyomo katika chokaa, matumbawe, mifupa na meno yetu.

Kalisiamu hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za ukaidi wa maharage. Huzishikanisha seli zake mithili ya saruji kati ya matofali, na maji ya kisima yenye chokaa, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni, huzidi kuyakaza. Magadi yakiingia chunguni, sodiamu hushika nafasi ya kalisiamu, na ukali wa magadi hulegeza gundi inayosalia. Bahati mbaya, ukali huohuo huharibu vitamini B1, ambayo ni miongoni mwa faida za kula maharage.

Lakini hilo ni dogo. Magadi ya kaskazini mwa Tanzania huokotwa kandokando ya Ziwa Natron na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Ziwa Natron halina mto wa kulitoa maji yake. Jua huyakausha, magadi yakaganda, na pamoja nayo hubaki floraidi iliyotoka katika miamba ya volkano. Kwa macho huwezi kujua kipande kipi kina floraidi nyingi.

Floraidi nayo hushikamana sana na kalisiamu. Kidogo chake huimarisha jino. Ikizidi, jino la mtoto linaloundwa ndani ya ufizi huharibika, likachomoza likiwa na madoa meupe au ya kahawia, na pengine likamong'onyoka. Shirika la Afya Duniani limependekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro maji yenyewe hupita kiwango hicho, nasi tunaongeza magadi juu yake! Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki.

Inasikitisha kusikia mtoto wa namna hiyo akichekwa shuleni kwamba hapigi mswaki. Apige mswaki mara ngapi? Doa limo ndani ya jino, nalo liliingia kabla hajatimiza miaka 8 hivi, wakati meno yake ya kudumu yakiundwa.

Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, wataalamu wametumia tabia hiyohiyo ya floraidi kuitega. Mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, maji yakapitishwa humo, na kalisiamu ya mifupa ikainasa floraidi kabla haijafika kwenye meno ya mtu.

Nyumbani, dawa ni rahisi zaidi. Roweka maharage usiku kucha, yamwage maji hayo asubuhi, kisha yapike kwa maji mapya, na ya mvua yakipatikana ndiyo bora. Nyanya na ndimu zisubiri hadi maharage yaive, kwani uchachu huyazuia kulainika. Na chungu cha watoto wadogo, tafadhali, kisitiwe magadi.