Cheche, Mchanganyiko na "Silensa": Istilahi za Kurekebisha Injini ya Petroli

Mfasiri apewaye kitabu cha matengenezo ya gari la zamani, liwe Volkswagen Beetle, Peugeot 404 au Land Rover, hupata taabu mapema. Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Kinayo kwa wingi, na baadhi yake hugombana. Ukipita katika gereji za Kinondoni na Temeke, zile zenye kuta na zile za chini ya miti, utasikia injini ikielezwa kwa lugha pevu ambayo haijaingia vitabuni. Makala haya yanakusudia kupima maneno machache ya kazi moja tu, yaani kurekebisha mfumo wa uwashaji na kabureta.

Tuanze na neno "moto". Fundi asemapo kwamba plagi haina moto, hazungumzii mwako ndani ya silinda, bali ukosefu wa umeme au wa cheche. Katika mazungumzo hapana madhara, maana plagi imo mkononi na kila mtu anaiona. Katika maandishi yafaa mambo matatu yatengwe: umeme utokao kwenye betri na kupitia koili, cheche irukayo kwenye plagi, na mwako wa petroli na hewa. Neno "moto" nalipenda, ila limebebeshwa mizigo mingi mno.

Neno "taimingi" nalo lahitaji uangalifu. Ndani ya distributa mna pointi ambazo hufungana na kufunguka, na kila zifungukapo cheche huruka. Katika Beetle, nafasi baina ya pointi hizo zinapokuwa wazi kabisa ni milimita 0.4, nayo hupimwa kwa vibamba vyembamba vya chuma. Nafasi hiyo ikipanuliwa, pointi hufunguka mapema zaidi na cheche huwahi. Ikipunguzwa, cheche huchelewa. Kwa hiyo nafasi hurekebishwa kwanza, kisha ndipo distributa izungushwe ili kuweka wakati wa cheche. Mwalimu akiyaita mambo yote mawili "kuweka taimingi", mwanafunzi aweza kuanza na distributa na kumalizia na pointi, na kazi yote itabidi irudiwe. Napendekeza "nafasi ya pointi" na "wakati wa cheche". Vitenzi vyake tunavyo tayari, nasi hatuna haja ya kubuni: cheche huwahi, cheche huchelewa. Ikiwahi mno injini hugonga, hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo. Ikichelewa mno nguvu hupungua na injini hupata joto.

Kuhusu kabureta, jina lenyewe limekwisha kubalika na halina ubishi. Taabu imo katika kueleza kiasi cha petroli ndani ya hewa. Injini ya petroli huchoma kwa ukamilifu sehemu moja ya petroli pamoja na sehemu zipatazo 15 za hewa, kwa uzito. Petroli inapozidi, Waingereza huuita mchanganyiko huo kwa neno lao la utajiri, na mfasiri mwenye haraka huandika "mchanganyiko tajiri", neno ambalo fundi wa Tandika atalicheka. Mpishi yeyote angetusaidia: chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi. Basi uwe "mchanganyiko uliokolea", na kinyume chake "mchanganyiko uliozimuliwa", kwani kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu. (Walevi nao wana matumizi yao ya kitenzi hicho, lakini hawatatuzuia.) Plagi yenyewe hutoa ushahidi: masizi meusi makavu huonyesha mchanganyiko uliokolea kupita kiasi, weupe huonyesha uliozimuliwa mno, na rangi ya kahawia ndiyo itakiwayo.

Neno la hatari kuliko yote ni "silensa". Kwa asili yake ni kifaa kilichomo katika bomba la moshi ili kupunguza kelele. Lakini gereji nyingi hulitumia kwa maana ya mzunguko wa injini gari likiwa limesimama na mguu haujakanyaga mafuta. Utasikia kwamba silensa iko juu, au gari linazima kwenye silensa. Sasa tufikirie karani anayepokea taarifa ya ukaguzi isemayo "silensa irekebishwe". Mkaguzi alitaka skrubu ya kabureta izungushwe, kazi ya dakika chache. Karani aweza kuidhinisha ununuzi wa bomba zima, na gari likaendelea kuzima njia panda.

Kwa maana hiyo ya pili napendekeza "mzunguko tuli", ambao katika Beetle za miaka ya 1970 huwa kama mizunguko 850 kwa dakika. Lipo jambo moja la kuungia mkono utengano huu: mzunguko tuli hurekebishwa mwishoni, injini ikiwa imepata joto na wakati wa cheche umekwisha wekwa, kwa sababu cheche ikiwahishwa au ikicheleweshwa mzunguko nao hubadilika.

Wapo watakaouliza kama kuna haja, ilhali magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani hayana kabureta tena, bali hupuliza petroli kwa nozeli. Pikipiki nyingi za bodaboda zingali nayo, na jenereta ndogo za madukani pia; na waendeshaji wake husema "silensa" vilevile kama mafundi waliowatangulia.