Sikio linauma, kumbe ni jino

Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba tunakuta mara nyingi mtu mzima amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya sikio. Amekwisha kutiwa dawa ya matone, wengine hata mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, na siku zinapita bila nafuu. Mganga akimulika ndani ya sikio anakuta ni safi, hakuna usaha wala uvimbe. Hapo inafaa mgonjwa afungue mdomo, maana huenda ugonjwa uko kwenye jino.

Inakuwaje jino liharibike na sikio ndilo liume? Kila upande wa uso kuna mshipa mmoja mkubwa wa fahamu wenye matawi matatu. Tawi la chini ndilo linalobeba maumivu ya meno ya taya ya chini. Hilo hilo linabeba maumivu ya kiungo cha taya, na ya sehemu ya mbele ya sikio pamoja na tundu lake. Habari zote zinafika kwenye ubongo kwa njia moja. Ni kama mjumbe anayekuja mbio ofisini na kusema, "Kule barabara ya chini kuna moto," bila kutaja nyumba. Ubongo unajua ni upande gani, lakini nyumba unaweza kuikosea. Upande wenyewe haubadiliki: jino bovu la kushoto halileti maumivu kwenye sikio la kulia.

Weka kidole mbele kidogo ya sikio, halafu fungua na kufunga mdomo. Kile unachosikia kikicheza chini ya kidole ni kiungo cha taya. Uone jinsi kilivyo jirani na sikio.

Meno yanayosumbua zaidi kwa namna hii ni magego ya chini. Jino likitoboka na shimo likafika kwenye kiini, maumivu huanza kupiga kama ngoma, na baadaye usaha unaweza kukusanyika kwenye mzizi. Kuna pia gego la mwisho kabisa, ambalo kwa watu wengi huota kati ya miaka 17 na 25. Mara nyingi halina nafasi, linabaki nusu limefunikwa na ufizi. Chakula kinaingia chini ya ufizi huo, unavimba, na kijana anaona kila akimeza sikio linachoma. Wengine hawana jino bovu hata moja, ila wanasaga meno usiku wakiwa wamelala. Wanaamka taya imechoka, kichwa na masikio yanauma. Mawazo mengi huzidisha hali hiyo, na katika kambi yetu mawazo hayakosi.

Utajuaje basi? Kama maumivu yanaongezeka unapotafuna, unapokunywa chai ya moto, maji baridi au kitu cha sukari, shuku jino. Gonga magego taratibu kwa mpini wa kijiko, moja baada ya jingine. Lile litakalokurusha ndilo la kumwonyesha mganga. Lakini kama sikio linatoa usaha, au limeanza kuziba na husikii vizuri, au ukivuta ganda lake maumivu yanazidi, basi shida inaweza kuwa ya sikio lenyewe.

Kwa watoto wadogo mambo ni kinyume. Mtoto mwenye homa anayelia na kushika sikio, mara nyingi ni sikio kweli, hivyo apelekwe kituoni. Kama kuna uvimbe nyuma ya sikio, apelekwe saa hiyo hiyo. Wengine wanaona homa au kuharisha kwa mtoto mchanga wanasema ni meno ya plastiki, au ibyinyo, na wanampeleka kwa mtu wa kuyachimba kwa spoku ya baiskeli. Wazazi, tafadhali. Kile kinachochimbwa ni jino la kweli la mtoto ambalo bado halijaota. Watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizo na wengine wamekufa, wakati ugonjwa uliowaletea homa haujatibiwa.

Tusitie kitu ndani ya sikio: si mafuta, si maziwa ya mama, si mkojo, wala kijiti. Hata dawa ya matone ya jirani iache, kwa kuwa kama ngoma ya sikio imetoboka baadhi ya dawa zinaweza kudhuru. Kwenye jino tusitie maji ya betri, mafuta ya taa wala ugoro. Tembe ya aspirini ikiwekwa juu ya ufizi inauunguza.

Ukiwa unasubiri kuonwa, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe, halafu uteme. Mtu mzima anaweza kumeza paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2, kila baada ya saa 6, asizidi vidonge 8 kwa siku. Dawa hiyo inatuliza tu. Antibiotiki nayo, hata ikipunguza uvimbe, haizibi shimo. Jino lisipotibiwa au kung'olewa, maumivu yatarudi. Ukifika kituoni usiseme sikio peke yake, taja na meno. Mama mjamzito naye asikae na jino bovu akingoja kujifungua, ila aseme ana mimba ili apewe dawa inayomfaa. Na mzee anayevuta tumbaku, mwenye kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu pamoja na maumivu ya sikio, aonwe na daktari.

Kuna hali moja isiyongoja siku ya kliniki ya meno. Usaha wa jino unaweza kushuka chini ya taya na shingoni mpaka ukabana njia ya hewa. Ukiona uvimbe chini ya kidevu au shingoni, mgonjwa hawezi kufungua mdomo, anashindwa kumeza mate, ana homa kali au anapumua kwa shida, mpelekeni kituoni hata kama ni usiku wa manane. Akiwa hawezi kutembea, mwiteni mhamasishaji wa eneo lenu, mmbebe akiwa ameketi, msimlaze chali.