Mtoto wa Mfanyakazi na Mkopo wa Chuo

Mwezi wa Novemba uliopita alifika ofisini kwetu ndugu mmoja, fundi wa karakana ya magari na mwanachama wa siku nyingi, akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alitaka tumwandikie katika ukurasa huu barua kali ya kuilaumu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Binti yake alikuwa amefaulu kidato cha sita na kupata nafasi ya chuo, lakini mkopo hakupewa. "Watoto wa wakubwa wanapewa, wangu ananyimwa," alituambia, na machozi yalikuwa karibu.

Tukamwomba afungue bahasha. Cheti cha kuzaliwa kilimtaja binti huyo kwa jina la Zaina. Cheti cha kidato cha nne kilimtaja kwa jina la Zainabu, kwa kuwa mwalimu aliyeandikisha majina ya mtihani aliona hilo la pili ndilo refu na la heshima zaidi. Maombi yalikuwa yamerudishwa yakasahihishwe. Lakini namba ya simu iliyoandikwa fomuni ilikuwa ya kijana wa duka la steshenari aliyewajazia maombi kwa malipo, naye hakuona sababu ya kumtafuta mtu yeyote. Siku zikapita, dirisha likafungwa.

Ile barua hatukuiandika. Tunaandika haya badala yake, maana mwezi wa Juni unakaribia, na katika miaka ya karibuni ndio mwezi ambao dirisha la maombi hufunguliwa. Likifika mwisho wa Agosti hufungwa, pengine kwa kuongezwa siku chache. Twajua kwamba katika karakana, mashamba, bandari na ofisi za nchi yetu wako wazazi wengi wenye bahasha kama ile ya fundi wetu.

Kwanza tuseme fedha hizi ni za nani. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa mwaka 1961, kilianza katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Vijana waliosoma katika miaka ile na iliyofuata walisomeshwa na Serikali, maana yake ni mkulima wa pamba na kahawa na mfanyakazi aliyekatwa kodi, ambao wengi wao hawakupata kuingia darasani. Katika miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mkopo ukachukua mahali pa ruzuku. Mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 Serikali ilitenga shilingi bilioni 787 kwa ajili ya mikopo hiyo. Si fedha kidogo. Sehemu yake yatoka katika hazina ya taifa, na sehemu yatoka katika mishahara ya wale waliokopa zamani na sasa wanarejesha. Kwa hiyo anayekopa leo anakula jasho la aliyekopa jana, na huyo wa jana yumkini ni mwalimu anayemfundisha mdogo wake.

Basi na tuje kwenye maombi yenyewe, maana hapa ndipo watoto wetu wanapoanguka, na wengi huangushwa na sisi wazee wao.

Cheti cha kuzaliwa hakitafutwi mwezi wa Agosti. Kila cheti cha kuzaliwa, na kila cheti cha kifo cha mzazi, sharti kihakikiwe na RITA kabla ya kuambatishwa, au na wakala wa usajili wa kule Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Uhakiki huo una foleni yake, na foleni huwa ndefu kadiri siku za mwisho zinavyokaribia. Mzazi ambaye mtoto wake yumo kidato cha tano leo ana mwaka mzima wa kulinganisha majina: la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha kidato cha nne, na la kitambulisho cha taifa kama anacho. Herufi moja ikizidi au kupungua, aende RITA kusahihisha, au kwa wakili kula kiapo cha majina, wakati bado pana nafasi ya kuvuta pumzi.

Pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Wako vijana waliofanya mtihani ule mara mbili, nao hutumia namba moja kuombea chuo na nyingine kuombea mkopo. Mbele ya mashine ya Bodi hao ni watu wawili tofauti: mmoja ana nafasi ya chuo lakini hakuomba mkopo, mwingine ameomba mkopo lakini hana chuo. Namba sharti iwe ile ile pande zote mbili.

Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao na ada yake ni shilingi 30,000. Fomu ikisha kujazwa huchapwa na kutiwa sahihi na mwombaji, na mdhamini wake, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Kisha hupigwa picha na kurudishwa katika mtandao. Twawaomba viongozi wa mitaa watusikilize hapa. Kutia muhuri katika fomu ya mwanafunzi ni kazi ya ofisi mliyopewa na wananchi. Hatupendi kusikia kwamba mahali fulani mtoto wa mama lishe aliambiwa arudi kesho mara tatu, kisha akaambiwa "usije mikono mitupu". Kiongozi wa namna hiyo ni kupe, hata akivaa sare ya chama.

Fomu ile huuliza mambo ya nyumbani, nayo yapasa kujibiwa yote kwa vielelezo. Yatima alete cheti cha kifo. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, alete fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliye katika kaya ya TASAF aandike namba ya kaya. Yuko pia mtoto wa maskini aliyesoma shule ya kulipia kwa fadhila ya padri, msikiti au shirika fulani. Huyo hudhaniwa kuwa mtoto wa tajiri, kwa kuwa Bodi huangalia shule aliyosoma mtu ili kupima uwezo wa nyumba yake. Asipoambatisha barua ya aliyemfadhili, umaskini wake hautaonekana popote. Twalijua jambo hili kwa karibu, maana sisi wenyewe tulisoma shule ya misheni kwa ada ambayo baba yetu hakupata kuiona kwa macho.

Kuna wanaodanganya. Baba yuko hai na ana nyumba tatu za kupangisha, lakini katika fomu amekuwa marehemu, au "hajulikani alipo". Wenzake wakilijua humsifu kuwa mjanja. Fungu hili lina mwisho. Shilingi anayopewa mjanja imetoka katika sahani ya yatima wa kweli, wala hatuoni tofauti kati yake na mtunza ghala anayeiba magunia ya ushirika.

Mikopo hutangazwa kwa awamu. Asiyeona jina lake katika awamu ya kwanza asikate tamaa. Na awamu zikiisha hufunguliwa nafasi ya rufaa kwa aliyenyimwa au aliyepewa kidogo. Rufaa nayo hutaka vielelezo, si malalamiko. Wapo pia wanaosoma stashahada katika fani zilizochaguliwa, ambao tangu mwaka wa masomo 2023/24 nao wana mlango wao.

Sasa mtoto amepata. Wazazi wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe imehamia chuoni.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo vijana huiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku hadi ilipopandishwa mwaka 2022 kuwa 10,000. Haiji kwa siku, bali kwa mafungu, kila fungu likikusudiwa kutosha siku 60. Kijana wa miaka ishirini ambaye hajapata kushika shilingi laki moja yake mwenyewe hupewa laki sita kwa mara moja, na hapo dukani kuna simu mpya. Wiki ya tatu anakula muhogo mkavu, ya tano anaazima. Hatumcheki. Nani katika sisi hakufanya vivyo hivyo na mshahara wake wa kwanza? Lakini mama aliye nyumbani na ampigie mwanawe simu siku bumu linapotoka, amwulize amelipa chumba au hajalipa.

Fungu hilo halipokelewi bila mwanafunzi kuthibitisha kwamba yupo. Siku hizi wengi huthibitisha kwa mtandao, kwa alama za vidole. Zamani tulikwenda kutia sahihi katika karatasi zilizobandikwa ukutani. Fedha isiyothibitishwa hurudishwa Bodi. Tulipokuwa mwaka wa pili, katika chuo ambacho hatutakitaja, baba yetu alifariki, tukaenda nyumbani kuzika na kukaa matanga. Hatukumwaga mtu yeyote ofisini. Tuliporudi karatasi zilikuwa zimeondolewa, na fungu letu limekwenda zake. Mhasibu alitutazama akasema, "Ungeacha hata kikaratasi." Nusu muhula ile tulikula kwa hisani ya watu wawili wa chumba kimoja. Kila chuo kina afisa wa mikopo. Kijana amjue kwa jina na kwa mlango katika wiki ya kwanza, wala asingoje shida imfundishe mahali ofisi ilipo.

Mkopo wa mwaka wa kwanza si ahadi ya mwaka wa pili. Chuo hupeleka matokeo Bodi, na matokeo hayo ndiyo yafunguayo fungu la mwaka unaofuata. Asiyefaulu kuendelea, fungu lake husimama. Anayeugua na kulazimika kuahirisha masomo apate barua ya chuo, na Bodi ijulishwe. Kuondoka kimya kimya na kurudi baada ya mwaka ni kujitafutia taabu. Vivyo hivyo kwa anayehama chuo au kubadili kozi: mkopo haumfuati wenyewe kama kivuli, sharti uhamishwe kwa maandishi.

Tumebakiwa na jambo la kurejesha, ambalo wafanyakazi wasomaji wetu hulijua kwa maumivu. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, makato kwa aliyeajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Juu ya hayo palikuwa na asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilifanya deni likue hata kwa mtu anayelipa. Mei Mosi 2021, katika sherehe za wafanyakazi Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa, na mwaka huo huo ikaondolewa pia faini ya asilimia 10 ya waliochelewa kuanza kulipa. Hiyo ilikuwa haki. Lakini twasema wazi kwamba asilimia 15 bado ni mzigo mzito kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza kazini. Chukua mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000: kila mwezi zaondoka 120,000, na kama alikopa milioni 12 atalipa kwa zaidi ya miaka minane, katika miaka ile ile anayotakiwa kuoa, kujenga na kuwasaidia wadogo zake. Yafaa vyama vya wafanyakazi viendelee kulisema jambo hilo mezani.

Kusema kwamba makato ni makubwa si sawa na kukimbia deni. Na kuna mkimbiaji mwingine ambaye hatajwi sana, naye ni mwajiri. Sheria yamtaka aiarifu Bodi ndani ya siku 28 anapomwajiri msomi, akate, na apeleke alichokata. Mwajiri anayekata mshahara wa mtu kisha akazungusha fedha ile katika biashara yake, mdaiwa akabaki na deni lile lile, amemwibia mfanyakazi na mwanafunzi kwa mkono mmoja. Kila mfanyakazi anayekatwa aulize Bodi taarifa ya deni lake walau mara moja kwa mwaka, ailinganishe na hati zake za mshahara.

Fundi wetu aliondoka siku ile bila barua, lakini akiwa na orodha tuliyomwandikia nyuma ya bahasha. Mafundi wenzake walichanga, na binti akaripoti chuoni na ada ya muhula mmoja. Cheti kimesahihishwa RITA mwezi wa Februari. Akifaulu mitihani yake ya mwaka wa kwanza, ataomba tena kama mwanafunzi anayeendelea, na safari hii namba ya simu itakayoandikwa fomuni ni yake mwenyewe.