"Sijasoma kabisa!" Kumbe usiku kucha anapiga msuli

Darasani kwenu hakuwepo yule jamaa ambaye kila asubuhi ya mtihani anakuja anapiga miayo, eti "jamani mimi sijasoma kabisa"? Matokeo yakibandikwa, huyoo, yuko juu!

Mimi nilikuwa mmoja wao. Usicheke.

Kidato cha nne tulikuwa na kikundi cha diskasheni, watu watano. Kikundi jina tu, maana kila mmoja jicho lake lilikuwa kwenye ile karatasi ya ubaoni inayopanga majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwenye pepa za nyuma alizilalia chini ya godoro. Logi zilikuwa zinanitoa jasho, lakini ningeulizaje niitwe kilaza? Siku moja mshikaji wetu akaniomba nimwelekeze hesabu za duara. Nilikuwa nazijua vizuri tu. Nikamjibu, "Hata mimi zimenishinda."

Mtihani wa taifa ukaja. Mimi divisheni foo, yeye ziro.

Baadaye nikasoma habari za akina mama wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, ambao mwaka 1998 walitoa utafiti wao juu ya watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo, wakayapatia. Wengine wakasifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Tofauti ni hiyo tu. Walipoambiwa wachague kazi nyingine, wengi wa kundi la akili wakataka ile ya kuwapa sifa. Wa juhudi wakataka ile ya kujifunza, hata kama watakosea. Yakaletwa mafumbo magumu, wote wakachemsha. Waliporudishiwa mepesi kama ya mwanzo, wa akili wakashuka, wa juhudi wakapanda. Kali zaidi, walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama zao, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la akili walidanganya! Nikajiona mle mle.

Si kwamba kulenga namba ni kosa kila mahali. Nenda Soko la Ndugai hapa hapa Nzuguni uone vijana wanavyoshusha magunia kwenye fuso. Kazi wanaijua tayari, hivyo ukiwaambia "mzigo wote uwe chini kabla ya saa nne" wanachangamka. Tatizo linaanza pale kazi yenyewe bado mnaitafuta. Hapo anayetaka kuonekana kipanga anamwona mwenzake mpinzani, na swali anaona aibu.

Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha ule utaratibu wa kutangaza shule na wanafunzi vinara. Vijiweni watu walibishana weee! Mimi niliunga mkono, ingawa najua karatasi ya ubaoni haihitaji ruhusa ya Baraza.

Nilipoamua kurisiti hesabu nikaangukia kikundi kingine, geto moja huku huku Nzuguni. Dada mmoja muuza vitenge ndiye aliyeweka sheria: ukija, njoo na swali lililokushinda. Huna? Rudi nyumbani. Wiki ya kwanza nilijikaza, nikaleta swali rahisi la kujifanya. Akaniangalia tu. Wiki ya pili nikazitoa logi, mbele ya watu, na muuza chipsi akanielewesha kwa dakika ishirini kitu kilichonisumbua miaka miwili. Alama za mtu hatukuwa tunaulizana. Nikapata C. Muuza chipsi naye C. Dada D, akajiandikisha tena bila kununa.

Sasa yule mshikaji wa duara. Nimekutana naye majuzi stendi kuu ya mabasi, anabeba mizigo ya abiria. Tukakumbatiana. Akaniambia anataka kurisiti, ila anaogopa hesabu, "si unakumbuka zilitushinda wote?"

Nikakosa pa kuangalia.

Jumamosi saa kumi anakuja geto. Nimemwambia aje na swali lililomshinda. Mimi ninalo la kumwambia kabla hatujafungua daftari.