Hedifoni Kuukuu na Mwenzi Wake

Mtu akinunua hedifoni za Sony MDR-7506 zilizotumika miaka mingi, kinachomlaki kwanza si muziki. Ni magamba meusi. Yanabaki masikioni, shavuni na kwenye kola ya shati, kwa sababu ngozi bandia inayofunika pedi imeanza kubanduka. Wengi huzirudisha kabatini papo hapo wakiamini zimekufa, na hapo ndipo wanapokosea. Chini ya ile ngozi, spika zake mbili za milimita 40 mara nyingi bado ni nzima. Zinachohitaji ni pedi mpya, pamoja na chombo cha kuzilisha umeme unaozifaa.

Hedifoni hizo zina ukoo. Mwaka 1985 Sony ilitoa MDR-V6, zenye mstari mwekundu kwenye kikombe, na mwaka 1991 zikafuata ndugu zake wa studio, MDR-7506, zenye mstari wa buluu. Waya wake umejisokota kama wa simu ya mezani na ukivutwa hufika karibu mita tatu. Miaka hiyohiyo ya 1980, Beyerdynamic ya mji wa Heilbronn, Ujerumani, ilileta DT 770, ambazo bado zinatengenezwa. Nyuma zaidi wako Koss wa Milwaukee, Marekani. Mwaka 1958 John Koss alikwenda kwenye maonyesho akiwa na mashine ndogo ya santuri aliyotaka kuiuza, na hedifoni za stirio aliziweka pembeni kama nyongeza tu. Watu wakaiacha mashine, wakapanga foleni kusikiliza hedifoni. Mwaka 1970 kampuni yake ikatoa Pro4AA, nzito na imara, na mpaka leo zinapatikana zilizo nzima.

Zote hizi ni za aina moja: vikombe vyake vimezibwa kwa nyuma. Utando wa spika unapotetemeka husukuma hewa pande zote mbili, upande wa sikio na upande wa mgongo. Kwenye hedifoni zilizo wazi, sauti ya mgongoni hutoka nje na kupotea. Kwenye zilizozibwa hubaki ndani ya kikombe. Ndiyo maana studio huzipenda: mwimbaji aliye mbele ya maikrofoni husikia ala masikioni mwake, na maikrofoni haizinasi. Mtangazaji naye hujisikia bila kelele kuvuma hewani. Gharama yake ni kwamba sauti iliyofungiwa hugonga kuta za kikombe na kurudi, kwa hiyo mhandisi lazima aitulize kwa sufi, matundu madogo na umbo la kikombe lenyewe. Akikosea, muziki husikika kama unapigwa ndani ya debe.

Besi ya hedifoni za namna hii inategemea sana jinsi pedi inavyoziba kuzunguka sikio, kuliko wengi wanavyodhani. Upenyo mdogo tu, uwe wa mkono wa miwani, wa nywele za kusuka au wa mkunjo wa mtandio, huiacha besi ivuje. Jaribio lake ni rahisi: msikilizaji avibane vikombe polepole kwa viganja wakati wimbo unapigwa. Gitaa la besi likijaa ghafla, kasoro iko kwenye pedi, na hakuna haja ya kuinyooshea spika kidole. Pedi zilizolala bapa kwa umri hazizibi vizuri tena, hata kama bado hazijapasuka.

Wakazi wa pwani wana adui mwingine. Ngozi bandia nyingi zimetengenezwa kwa poliyurethani, na joto likichanganyika na unyevu huivunjavunja taratibu, hata hedifoni zikiwa zimekaa tu sandukuni. Zitakazowekwa Mombasa au Unguja zinahitaji uangalizi zaidi kuliko zilizoko Njombe. Kuzifuta jasho kwa kitambaa kikavu na kuziweka pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya huziongezea maisha. Habari njema ni kwamba pedi za MDR-7506 hung'oka kwa mkono na nyingine huvishwa bila gundi wala bisibisi. DT 770 nyingi za studio huja na pedi za mahameli ya kijivu, ambazo hazibanduki magamba kabisa, na vipuri vyake vinauzwa. Mnunuzi aangalie pedi zisizidi unene, kwa kuwa pedi nene huisogeza spika mbali na sikio na kubadili sauti nzima.

Pedi zikishatengemaa, linakuja swali la mwenzi: hedifoni hizi zichomekwe wapi?

Kila hedifoni ina ukinzani, unaopimwa kwa omu. MDR-7506 zina omu 63. DT 770 zinauzwa za omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinafanana mno, kiasi kwamba mnunuzi asiposoma maandishi anaweza kwenda nyumbani na zisizomfaa. Pro4AA nazo zina omu 250. Ukinzani mkubwa maana yake ni koili ya waya mwembamba mno uliozungushwa mara nyingi, na koili hiyo hudai volti nyingi ili itembee. Hesabu yake haina uchawi. Chombo kinachotoa volti moja huzipa hedifoni za omu 32 takriban miliwati 31, lakini zile za omu 250 huambulia miliwati 4 tu. Volti zikishuka hadi nusu, kama ilivyo kwenye baadhi ya adapta za kuchomekea hedifoni kwenye simu, inabaki miliwati 1.

Je, miliwati 1 haitoshi? Kwa DT 770 za omu 250 hutoa desibeli 96 hivi, na kwa wimbo wa kisasa uliorekodiwa kwa nguvu hizo zinatosha. Tatizo hujitokeza kwenye rekodi za zamani zenye sauti ya chini, au muziki wenye vipindi vya ukimya na mlipuko. Msikilizaji huongeza sauti mpaka mwisho, na bado wimbo hauamki. Wengi huzilaumu hedifoni, ilhali ni simu iliyoishiwa pumzi. Mwandishi huyu haoni sababu ya mtu wa simu kununua za omu 250 kwa tamaa ya jina la studio. Za omu 32 au 80 zitamfurahisha zaidi, na fedha ya amplifaya itabaki mfukoni.

Kwa MDR-7506 mambo ni mepesi, kwani zinaitikia haraka hata simu. Zina hatari ya upande wa pili: umeme ambao kwenye DT 770 za omu 250 unatoa sauti ya kawaida unaweza kuumiza masikio kwenye Sony hizi. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine kwenye amplifaya ileile ashushe kwanza sauti hadi chini kabisa.

Amplifaya za sebuleni za miaka ya 1970 na 1980 zinastahili kutajwa, maana nyumba nyingi bado zinazo, zimefunikwa kitambaa cha kudarizi juu ya kabati. Tundu lake la hedifoni ni lile kubwa la milimita 6.35, plagi iliyorithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19. Nyingi huchukua umeme wa spika na kuupunguza kwa rezista, hivyo tundu lenyewe linakuwa na ukinzani mkubwa, pengine omu mia na zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Ukizidi, baadhi ya hedifoni za omu chache hubadilika sauti na besi huvimba. Lakini DT 770 za omu 250 na Pro4AA huvumilia mashine hizo vizuri zaidi, na ni jozi inayopendeza kwa sababu zinadai volti ambazo mashine hizo hazikosi.

Kabla ya kutoa fedha kwa hedifoni iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, mita ya fundi inasema mengi. Mguso mmoja kwenye ncha ya plagi na mwingine kwenye shina hutoa ukinzani wa upande mmoja, kisha ncha ya mita ikihamia kwenye pete ya katikati hutoa wa upande wa pili. Namba mbili zikikaribiana, koili ziko salama. Zikitofautiana sana, au moja ikikataa kusoma, koili au waya umekatika. Baada ya hapo isikilizwe sauti ya mtangazaji wa habari: ikae katikati ya kichwa, isivutwe upande. Waya utikiswe karibu na plagi na karibu na kikombe. Sauti nzito ikija na mtikisiko wa mikwaruzo, usikate tamaa, mara nyingi ni unywele mmoja umeingia na kugusa utando, na fundi mtulivu huutoa kwa kibanio.

Wanaosikiliza santuri za zamani wana jambo moja la ziada. Rekodi nyingi za kale, zikiwamo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad zilizofanywa Bombay kuanzia mwaka 1928, ni za mono, na hedifoni za studio zilibuniwa kufichua makosa. Mikwaruzo ya sahani itatangulia mbele ya sauti ya mwimbaji. Amplifaya yenye kitufe cha mono na kirekebishi cha sauti kali inasaidia sana hapa: mono hupunguza mikwaruzo inayotofautiana kati ya kulia na kushoto, na sauti kali ikishushwa kidogo mvumo wa sahani hurudi nyuma. Kinachobaki ni sauti ya mwimbaji na ala zinazomfuata, karibu mno na sikio.

Na kwa usalama wa masikio yenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Vikombe vinavyoziba vyema huzuia kelele za mtaani, kwa hiyo msikilizaji hana haja ya kushindana na daladala. Aanze chini, akae dakika chache mpaka sikio lizoee, ndipo aamue kama kirekebishi cha sauti kinahitaji kusogezwa tena.