Je, Wajua? Udongo Mwembamba Uliozaliwa na Moto

Mtu wa Mgololo, Mufindi, akichimba msingi wa nyumba anajua atakachokutana nacho: udongo mwekundu, chini yake mwekundu, na chini zaidi mwekundu tena. Mwamba huchelewa kuonekana. Lakini zipo sehemu, nyingine ziko hapa hapa Tanzania, ambako volkano ilimwaga mawe na majivu, mvua ikawa haba, na hadi leo udongo ni kiasi cha kufunika jiwe tu. Huo ndio wa kuutazama leo, maana una vituko vyake.

Kilimanjaro ina jangwa lake

Kati ya kilele cha Kibo na kile cha Mawenzi, kwenye mwinuko wa mita 4,300 hivi, kuna uwanda wa changarawe na mchanga wa lava ambao ni jangwa kabisa. Kwenye msitu wa upande wa kusini, mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mvua hukaribia milimita 3,000 kwa mwaka. Panda hadi kambi ya Kibo, na mvua inabaki kama milimita 200 tu. Mawingu yanakuwa yameshamaliza kazi yao huko chini.

Ukame si tatizo pekee. Usiku ule unyevu kidogo uliomo ardhini huganda, vikachipuka visindano vya barafu vinavyonyanyua changarawe juu. Jua likitoka vinayeyuka, changarawe inaporomoka. Jambo hilo hutokea karibu kila usiku, mwaka mzima, na mche wowote unaojaribu kuota hung'olewa kabla mizizi haijashika. Kwenye Mlima Kenya, ambao nao ni wa volkano, kuna ule ukoga wa kijani unaoota kwenye mawe yenye unyevu ambao umepata dawa ya usumbufu huo: haushiki ardhi kabisa. Unajikunja kuwa kidonge, unabingirishwa na barafu huku na huku, na unakuwa kijani pande zote.

Kuna mlima unaotapika magadi

Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya aina hiyo: sehemu kubwa ni chumvichumvi za jamii ya magadi, yale yale tunayolainishia maharage. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 na zaidi. Ya Lengai ina kama 500 hadi 600 tu, na mchana ukiiona inatiririka utadhani ni tope jeusi. Ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe, mara nyingi ndani ya siku chache, ndiyo maana kileleni watu huona weupe wakafikiri ni theluji.

Watu wa Mbeya wasijione wako mbali na mambo haya. Mlima Panda, kule Songwe, una mwamba wa ukoo huo huo wa lava ya chokaa na magadi, ila wenyewe ulipoa zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na leo unajulikana kwa madini ya niobiamu.

Nyumbu huzalia juu ya sakafu ya jiwe

Tambarare za kusini-mashariki mwa Serengeti hazina miti, na wageni wengi hudhani ni moto au tembo. Sababu kubwa iko chini ya miguu yao. Majivu ya Lengai na ya volkano jirani ya Kerimasi yalipeperushwa na upepo wa mashariki yakatandazwa pale. Mvua huyeyusha chokaa iliyomo na kuishusha kidogo, lakini maji hayatoshi kuifikisha mbali. Yanakauka njiani, chokaa inaganda, na mwaka baada ya mwaka limejengeka tabaka gumu ambalo mara nyingi halifiki hata mita 1 kutoka juu. Mzizi wa mti ukigonga hapo, safari imekwisha. Nyasi, ambazo mizizi yake haina makuu, zinatosheka na kile kilicho juu.

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Nyasi hizo fupi zina kalsiamu na fosforasi nyingi kuliko nyasi ndefu za kaskazini, na mama anayenyonyesha anahitaji vitu hivyo hasa. Basi nyumbu zaidi ya milioni 1 huteremka huko mvua zikianza, na kuzaa karibu wote kwa pamoja, kwa majuma machache kati ya Januari na Machi. Ndama husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Mvua ikiisha, ule udongo mwembamba hauna akiba ya maji, nyasi zinakauka upesi, na safari ya kaskazini inaanza. Kwa maneno mengine, ile misafara maarufu ambayo watu hulipa fedha nyingi kuja kuiona inatokana kwa kiasi kikubwa na udongo usiojua kutunza maji.

Kichuguu cha mchanga kinatembea

Karibu na Bonde la Olduvai kuna chungu la mchanga mweusi wa majivu ya volkano, umbo la mwezi mwandamo, lenye urefu wa mita 9 hivi kwenda juu. Upepo unalisukuma kama mita 17 kwa mwaka, bila kulisambaratisha. Kwa mwendo huo, linavuka urefu wa kiwanja cha mpira kwa miaka sita. Mchanga huo una chembe za chuma cha sumaku.

Manyunyu na majivu ni saruji

Mwaka 1978, kundi la watafiti la Mary Leakey lilikuta nyayo za mababu wa binadamu huko Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mababu hao walipita juu ya majivu mabichi yaliyonyeshewa manyunyu, yakakauka na kuwa magumu, na majivu mengine yakayafunika. Nyayo hizo zina zaidi ya miaka milioni 3.6.

Wakulima wa Engaruka walitengeneza udongo wao wenyewe

Hapa mimi huvua kofia. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, si mbali na Lengai, mvua ni kidogo na ardhi imejaa mawe ya volkano. Mtu wa kawaida angepita tu. Lakini kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18, kulikuwa na wakulima waliolima pale eneo la karibu hekta 2,000, yaani kama ekari 5,000. Walikusanya mawe na kuyapanga kuwa kuta fupi zinazogawa vijishamba, wakachimba mifereji kuleta maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro.

Na hayo maji yalikuja na mzigo. Mto ukishuka mlimani hubeba tope. Ukiingia nyuma ya ukuta wa mawe unapunguza kasi, tope linatua. Katika sehemu za mashamba hayo udongo uliolimwa haukuwepo pale mwanzo: uliletwa kwa maji na kukamatwa, tabaka juu ya tabaka. Mbegu za mtama zilizoungua zimepatikana kwenye magofu yao. Kuta na mifereji bado inaonekana, ingawa waliojenga waliondoka zamani.

Jangwani mawe huelea juu ya vumbi

Kaskazini mwa mji wa Marsabit, Kenya, barabara ya Moyale inapita jangwa la Dida Galgalu, uwanda uliotapakaa mawe meusi ya volkano hadi macho yanapochoka. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba mawe ya majangwa ya namna hii hubaki juu kwa sababu upepo umepuliza udongo wote. Utafiti uliofanywa kwenye lava za Cima, katika jangwa la Mojave huko California, ulionyesha kinyume: mawe ya juu hayajawahi kuzikwa. Upepo *unaleta* vumbi, linapenya katikati ya mawe, linajaza chini, na mawe yanainuliwa polepole. Kwa hiyo sehemu kubwa ya udongo ulio chini ya mawe hayo imetoka mbali, na wala haikutokana na lava iliyo pale.

Rungwe ni ndugu aliyepata mvua

Tuje nyumbani. Takriban miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo na kumwaga mawe mepesi yenye matundu, yale yanayoelea majini. Majivu ya volkano za huko yamekutwa hata ndani ya tope la chini la Ziwa Nyasa. Jirani yake, Kyejo, ulitoa lava karibu mwaka 1800 tu, na Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira ni jiwe la volkano lililobaki juu baada ya maji kupita chini yake. Asili ni ile ile ya moto, lakini Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Majivu yakaoza upesi, udongo ukawa mweusi na mwepesi, na leo ndizi na viazi vya Tukuyu havihitaji kutangazwa.

Na Mgololo je?

Udongo wa Mufindi haukutoka kwa volkano hizo. Umeoza kutoka kwenye miamba mikongwe, yenye karibu miaka bilioni 2, na mvua zimeuosha kwa muda mrefu mno hadi chokaa na virutubisho vingi vikaenda na maji. Ni wa kina kirefu, lakini mkali kwa tindikali na maskini kuliko ule mwembamba wa Serengeti. Ila kila mmea na ladha yake: chai hupenda tindikali hiyo, na mipaina ya Sao Hill, iliyokilisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo, haina madai makubwa ya mbolea.

Unataka kuhakikisha? Chukua ndimu. Jaribu kwanza kwenye ganda la yai lililosagwa: litatoa vipovu, kwa sababu ganda ni chokaa. Jiwe la chini ya nyasi za Serengeti nalo litatoa povu. Kisha kamulia udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba yako. Utalowana, basi, hakuna hata kipovu kimoja kitakachotoka.